MIKONO JUU YA KIZINGITI

Somo la mwezi: Waamuzi, sura ya 19

Mwezi huu twawaletea sura ambayo haisomwi sana katika ibada zetu. Tangu tulipowekewa mikono hatujasikia hata mara moja ikihubiriwa, wala sisi wenyewe hatukuihubiri, kwa kuwa tuliona haya kuisoma mbele ya watoto na mbele ya mama zetu. Walakini Roho wa Mungu hakuona haya kuiandikisha. Basi twawaomba, kabla ya kuendelea, mfungue Biblia mkaisome yote polepole, kisha mrudi hapa.

Huko milimani kwa Efraimu palikuwa na Mlawi mmoja, naye alikuwa na suria, yaani mwanamke aliyekaa naye kama mke lakini bila heshima yote ya mke. Mwanamke huyo akamwacha, akarudi kwa baba yake Bethlehemu ya Yuda, akakaa huko miezi minne. Kwa nini alimwacha? Hapa maandiko ya kale hayapatani. Kiebrania chasema kwamba hakuwa mwaminifu kwa mumewe. Tafsiri mojawapo ya kale ya Kiyunani yasema kwamba alimkasirikia. Tulipokuwa chuoni tulijifunza habari hii kama jambo la kuandika katika mtihani, tukaisahau. Siku hizi twaiona kwa namna nyingine, maana kila mwanamke anayerudi kwa baba yake katika nchi yetu hunenwa maneno hayo hayo mawili: huyu asema amefanya uasherati, yule asema amekasirishwa. Na yule asemaye la kwanza, mara nyingi, hakumwuliza mwanamke mwenyewe.

Mume akamfuata, pamoja na mtumishi wake na punda wawili, akinuia kusema naye kwa upole na kumrudisha. Sasa tazameni yaliyotendeka katika nyumba ile. Baba mkwe akafurahi sana kumwona mkwewe. Wakala, wakanywa, wakalala. Siku tatu zikapita, ikaja ya nne, ikaja ya tano, na wanaume hao wawili wangali wamekaa pamoja wakistarehe, baba akimsihi mkwewe angoje kidogo tena. Tumeisoma sura hii mara nyingi tukitafuta kitu kimoja tu, yaani neno lililosemwa na yule mwanamke. Hatukuliona. Hata lile neno la upole ambalo mumewe alisafiri mbali ili amwambie, haikuandikwa kwamba lilisemwa. Shauri lilikuwa la mume na baba. Lilipokwisha, punda wakatandikwa, naye akachukuliwa.

Yaliyofuata mwayajua. Walifika Gibea ya Benyamini jua likichwa, mzee mmoja akawakaribisha, na usiku watu wabaya wa mji wakaizunguka nyumba. Yule Mlawi akamshika mwanamke wake, akamtoa nje kwa mikono yake mwenyewe ili yeye apone. Wakamtenda jeuri usiku kucha. Kulipopambazuka alijikokota hata mlangoni akaanguka, na mumewe alipoondoka asubuhi, akafungua ili ashike safari yake, kana kwamba usiku ule ulikuwa usiku kama mwingine, alimkuta pale chini na mikono yake juu ya kizingiti. Akamwambia ainuke waende.

Tena liko jambo moja katika sura ya 20 ambalo twataka wazee wa kanisa walishike. Makabila yalipokusanyika, yule mume akaitwa aeleze habari. Akaeleza ubaya wa watu wa Gibea, jinsi walivyotaka kumwua yeye, na jinsi walivyomtenda suria wake hata akafa. Maneno hayo ni kweli. Lakini hakusema ni nani aliyemtoa nje. Na katika mkutano ule wote, watu maelfu kwa maelfu, hakuna hata mmoja aliyemwuliza.

Ndugu wapenzi, hatuwaletei habari hii kwa sababu ya Waisraeli wa kale. Twaileta kwa sababu sisi wenyewe tumepata kukaa katika nyumba ya baba yule wa Bethlehemu, tukala na kunywa.

Ni miaka kadhaa sasa. Katika usharika mmoja wa uwanda huu wa kati, ambao hatutautaja, mwanamke alikuja nyumbani kwetu saa za usiku. Alibisha hodi, akatusalimu kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” kwa sauti ya mtu aliyekuja kuazima moto. Taa ilipowashwa tukaona kwamba jicho lake moja limefumba. Alikuwa mshiriki wa Meza ya Bwana, na mumewe kadhalika. Tena mumewe alikuwa na sauti nzuri katika kwaya. Tulimpa maji, mama wa nyumba akamtandikia, na kesho yake tukaita wazee. Tukamwita na mume. Tulikaa tangu asubuhi hata jua la alasiri, kuku akachinjwa, mume akakiri kwamba alizidiwa na hasira, akalia machozi mbele yetu. Tukafurahi kwa machozi yale. Tukamwuliza mwanamke, mumewe akiwa ameketi karibu naye kwenye benchi moja, kama amemsamehe. Alijibu, “Ndiyo, Baba Mchungaji.” Tukaomba, tukawarudisha kwao, tukaandika katika kitabu cha usharika kwamba ndoa imepatanishwa.

Majuma matatu hayajatimia, tukaitwa hospitalini. Mkono wake ulikuwa umevunjwa mahali pawili, tena sikio moja halisikii mpaka leo. Tulipomwendea kitandani aligeuza uso ukutani. Tukasimama pale tukiwa na Biblia kwapani, hatukujua tuseme nini. Baadaye sana, alipokwisha kupona, alimwambia mama wa nyumba yetu maneno ambayo hatuwezi kuyasahau: kwamba siku ile ya kikao hakuogopa kusema kweli mbele ya wazee, bali aliogopa njia ya kurudi nyumbani.

Tumeandika haya si kwa kujisifu kwamba tumetubu, bali kwa sababu twajua kwamba vikao vya namna hii vingali vikifanyika. Tena si katika sharika chache. Serikali ilipofanya uchunguzi wa afya ya watu nchi nzima mwaka 2015 na 2016, wanawake wanne katika kila kumi, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walisema wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipokuwa na miaka 15. Katika uchunguzi uo huo watu waliulizwa kama yafaa mume kumpiga mkewe kwa sababu kama kuunguza chakula, au kutoka bila kuaga, au kutowaangalia watoto. Wanaume waliokubali hata sababu moja walikuwa 40 katika 100. Wanawake waliokubali walikuwa 58 katika 100. Wako watakaosoma hesabu hiyo wakasema, basi wanawake wenyewe wapenda. Sisi twajiuliza ni nani aliyewafundisha, na je, sauti yetu ya Jumapili haikuwa mojawapo ya waalimu hao?

Maana tumewafundisha kwa nusu ya Neno. Nabii Malaki, katika sura yake ya pili, asema kwamba Mungu huchukia kuachana. Nusu hiyo kila mzee wa kanisa aijua kwa moyo. Lakini katika aya iyo hiyo, bila kupumzika, nabii amtaja mtu ambaye udhalimu wake umeifunika nguo yake, asema Mungu amchukia huyo pia. Ni mara ngapi tumeisoma nusu hii katika kikao cha ndoa? Kadhalika Waraka kwa Waefeso. Twawasomea wake juu ya kutii. Twafunga kitabu kabla ya kufika mahali mume anapoagizwa kupenda kama Kristo alivyolipenda Kanisa, ambaye alijitoa mwenyewe apigwe na hakumpiga mtu. Katika waraka huo wote hakuna mahali mume anapopewa fimbo.

Na msalaba! Hili ndilo linalotuuma kuliko yote. Twawaambia wanawake wauchukue msalaba wao. Msalaba ambao Bwana aliwaagiza wanafunzi wake ni mateso yatokanayo na kumfuata yeye. Ngumi ya mume mlevi haitokani na kumfuata Kristo. Hata mtume Paulo, ambaye hakuogopa kufa, alishushwa ukutani ndani ya kapu huko Dameski usiku ili aokoe maisha yake, wala hakuna aliyemwita mwasi kwa kuukimbia msalaba.

Sasa tuje kwa Katekisimo, ambayo kila mmoja wetu aliikariri kabla ya kipaimara. Amri ya tano yakataza kuua. Dakta Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia hapo. Alieleza kwamba amri hii ina pande mbili: tusimdhuru jirani mwilini mwake, tena tumsaidie na kumtunza katika kila haja ya mwili. Upande wa kwanza wamhusu yule apigaye. Upande wa pili watuhusu sisi tulio jirani, tunaosikia kilio nyuma ya ukuta wa tembe na kugeuka upande wa pili wa kitanda. Na jirani aliye karibu kuliko wote ni nani, kama si mke alalaye nyumba moja na mtu? Twamfundisha kijana kwamba asimdhuru jirani wa mtaa wa pili, kisha twamwacha adhani kwamba amri hiyo hukoma mlangoni pake.

Wengine husema, tatizo ni pombe. Kweli, baada ya mavuno ya mtama na uwele vilabu hujaa, na sisi hatuitetei pombe. Lakini tafakarini neno moja. Mlevi huyo, anapotoka kilabuni, hukutana njiani na mwenyekiti wa kijiji, hukutana na mgambo, hukutana na mtu anayemdai fedha. Hawapigi hao. Huwasalimu kwa adabu, hupepesuka hata nyumbani, na huko ndiko mkono wake unapopata nguvu. Basi pombe yake ina macho. Yajua nani wa kupigwa na nani wa kuogopwa. Tukimtibu ulevi bila kumwambia neno juu ya mkono wake, twaweza kumpata mtu mzima asiyekunywa naye apiga bado. Tumewaona wa namna hiyo, na mmoja wao alikuwa mwekahazina.

Wengine husema, arudi kwa baba yake. Ndivyo alivyofanya yule wa Bethlehemu. Ninyi mliokaa katika Ugogo mwajua ugumu wake. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake hawapo tena zizini kwa baba. Wamekwisha kutoka, kaka yake ameoa kwa hao. Anapofika na kitoto mgongoni, mama humpa chakula na kulia pamoja naye, lakini wanaume huanza kuhesabu. Kumpokea ni kurudisha ng'ombe, na kurudisha ng'ombe ni kuitikisa nyumba ya kaka. Kwa hiyo baba, hata akiwa na huruma, hufurahi sana mkwe akija na maneno matamu. Hatuwalaumu wazee hawa kupita kiasi. Twasema tu kwamba mwanamke aliyepigwa hana nyumba mbili, kama watu wadhanivyo. Mara nyingi hana hata moja. Kwa sababu hiyo mlango wa kanisa si mlango wa ziada kwake.

Basi twawaambia waalimu na wainjilisti kwa wazi tulivyojifunza kutenda, kwa msaada wa watu wenye ujuzi kuliko sisi.

Akibisha usiku, fungua. Mpe mahali pa kulala pamoja na watoto wake, chini ya ulinzi wa mkeo au wa mama mwenye heshima katika usharika. Usimwambie arudi mpaka asubuhi ili mambo yazungumzwe kukicha. Yule Mlawi naye alingoja asubuhi. Usitume mtu kumwarifu mume mahali alipo. Usimwulize amefanya kosa gani hata akapigwa, maana swali hilo ni hukumu iliyovaa nguo ya swali. Mwulize kama ameumia, na kama anaogopa kuuawa, na kama watoto wamepigwa. Akisema kwamba mume amemkaba koo, au ametishia kwa panga, amini kwamba hatari ni kubwa, hata ikiwa hakuna damu unayoiona.

Aliyeumia apelekwe kwa waganga kwanza. Kisha iko fomu ya polisi namba tatu, ambayo watu wote huiita PF3. Polisi huitoa, mganga huijaza, na hiyo huwa shahidi mahakamani wakati makovu yamekwisha kupona. Kwa aliye mahututi, fomu ingoje, matibabu yatangulie. Katika vituo vya polisi siku hizi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo askari wake wamefundishwa kusikiliza mashauri haya kwa faragha, na mara nyingi utamkuta askari mwanamke. Katika baadhi ya hospitali kiko Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo mganga, polisi na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, ili mwanamke asizunguke ofisi tatu akirudia aibu yake mara tatu. Jambo la mtoto laweza kupelekwa pia kwa simu namba 116, isiyolipiwa. Usimpeleke mwanamke peke yake. Nenda naye, au mtume mama wa kanisa aende naye. Tumeona kwamba mtu aliyesindikizwa husikilizwa upesi kuliko aliye peke yake, na tusijifanye hatujui hivyo.

Akiweza kuchukua kitu nyumbani, achukue cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na kitambulisho. Nguo zitapatikana kwa watu. Karatasi hizi hazipatikani.

Tena waalimu waijue sheria, kwa maana watu wengi hudhani kwamba sheria iko upande wa fimbo. Haiko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yatangaza kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake wa ndoa kwa kumpiga, hata kama mila yaruhusu. Ni zaidi ya miaka hamsini tangu neno hilo litungwe. Sheria iyo hiyo yampa mwenye kuteswa njia ya kuomba mahakama iamuru watengane, bila kuivunja ndoa yenyewe. Twalitaja hili kwa ajili ya wale ambao dhamiri zao hazikubali talaka, nao ni wengi kwetu. Na kwa habari ya mali, Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni sehemu ya jasho lililochuma mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona kwamba alikwisha kupewa fedha za kujengea nyumba akazitumia vingine. Lakini neno lile limewasaidia wengi waliokuja nyuma yake. Basi mwanamke aliyepika, aliyelima, aliyechota maji miaka ishirini, asiambiwe kwamba aondoke kama alivyokuja. Asiyeweza kulipa wakili aweza kupata msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wako wasaidizi wa kisheria katika wilaya nyingi, na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kina ofisi yake hapa Dodoma.

Hapa twataka kukaa kidogo juu ya mabaraza, kwa kuwa ndipo tulipokosea. Sheria yasema kwamba, kwa kawaida, asiende mtu mahakamani kudai talaka kabla shauri halijapelekwa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Na Waziri aweza kuikubali kamati ya jumuiya ya dini kuwa baraza la namna hiyo. Ni heshima kubwa kwa kanisa, lakini ni hatari pia. Baraza likishindwa kupatanisha, lazima litoe hati kusema hivyo, na bila hati hiyo mlango wa mahakama huwa mgumu. Wako wazee ambao, kwa nia njema ya kuilinda ndoa, huikalia hati mwaka mzima, wakisema, “Tuombe kwanza.” Ndugu zangu wazee, hapo mmekuwa bawaba ya mlango uliofungwa. Maombi na yaendelee, hati itolewe. Tena sheria yenyewe yakubali kwamba yako mambo ya pekee ambapo si lazima kupita barazani kwanza. Mwanamke ambaye maisha yake yako hatarini asizuiwe kwa utaratibu.

Na wala tusimketishe pamoja na aliyempiga katika benchi moja tukamwuliza kama amesamehe. Tuliandika jinsi sisi tulivyofanya. Msamaha ni kazi ya Roho Mtakatifu katika moyo, una saa yake. Hauagizwi na kikao. Tena kusamehe na kurudi chini ya dari moja si jambo moja. Daudi alimsamehe Sauli pangoni, asimwue, akakata upindo wa vazi lake tu. Sauli akalia kwa sauti, akamwita mwanangu. Baada ya machozi hayo Sauli akaenda nyumbani kwake, na Daudi akapanda kwenda ngomeni. Alimsamehe, lakini hakwenda kulala nyumbani kwake. Twaona kwamba alifanya vema, kwa maana sura mbili tu zapita, na Sauli yuaja tena na watu elfu tatu.

Juu ya mume twasema hivi. Kanisa letu lina marudi. Tumemtia chini ya marudi msichana aliyechukua mimba, tukamketisha benchi la nyuma. Tumemtia mwenye wake wawili. Lakini mtu aliyemvunja mkewe mkono ameendelea kuimba kwaya na kushika sahani ya sadaka, kwa kuwa tumeliita jambo lake ugomvi wa nyumbani. Msichana yule alimkosea nani kuliko huyu? Apigaye azuiwe kwenye Meza ya Bwana na katika kila kazi ya usharika mpaka toba yake ionekane kwa matunda, si kwa machozi ya siku moja. Na matunda hayo yapimwe kwa kumwuliza mkewe faraghani, kwa kinywa cha mama mwenzake, miezi kadhaa baadaye. Mchungaji asimwache mtu huyo. Amtembelee, amwonye, amwombee, maana naye ana roho itakayohukumiwa. Wako waliobadilika. Hatusemi ni wengi.

Mtauliza: atakula nini? Swali hili ndilo linalowarudisha wengi kuliko hofu yoyote. Mwaka wa mvua haba, mwenye watoto watatu hawezi kuondoka penye ghala na kwenda pasipo na ghala. Hapa Umoja wa Wanawake umetutangulia sisi wachungaji. Tumeona sharika ambapo mama hawa, bila kutangaza, hutenga debe moja katika sadaka ya mazao kwa kazi hii, na kumwingiza mwenye shida katika chama chao cha kuweka na kukopeshana, ili awe na fedha kidogo iliyo mkononi mwake. Mmoja hupewa nauli, mwingine hupewa cherehani ya kuazima. Huko Moshi shirika la KWIECO limefika mbali zaidi, limejenga nyumba ya hifadhi kwa wanawake na watoto waliokimbia kupigwa. Sisi katika uwanda huu hatujafika hapo, lakini chumba kimoja twaweza. Usharika mmoja tuujuao umetenga chumba. Mlango wake hufungwa kwa ndani, na ufunguo hukaa kwa mama mmoja ambaye si mke wa mchungaji, kwa kuwa kwa mke wa mchungaji ndiko mume mwenye hasira huanza kutafuta. Hatuandiki ni usharika gani, na ninyi mkiujua msiutaje.

Chumba hicho kina vitanda viwili na blanketi moja. Mwaka huu wamelala humo wanawake wanne, mmoja kwa siku tisa, mwingine kwa usiku mmoja tu. Aliye na blanketi, au mtama, au ndoo yenye mfuniko, aseme na kiongozi wa Umoja wa Wanawake wa usharika wake, naye atajua pa kuvipeleka.